Mpira Uliokataa Kuingia Kikombeni

Nilienda Uthiru kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Kabla ya chakula, mchungaji wao akaomba, akaomba, akaomba. Wote wamefumba macho, nami mjanja nikafungua gemu kwenye simu: unachora mstari, mpira unabingiria juu yake mpaka uingie kikombeni. Siku tatu mpira huo ulikuwa umenitesa. Sasa ukafika ukingoni, ukasimama. Nikajisahau.

"Ingia, baba! Ingia!"

Mchungaji akapata moto. "Ingia, Baba!"

Sebule nzima ikaitikia, "Ingia!"

Nami, bila haya, nikainamisha simu kidogo.

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa amesimama na bakuli la kuku, macho kodo kwenye skrini.

"Mchungaji, sema amina tule," akasema. "Kinachokataa kuingia ni mpira."