Kibao Namba Kumi na Nane

Mizobata Fusae huingia kwenye hamamu yangu saa kumi na moja na dakika tano jioni, kila siku isipokuwa Jumanne tunapofunga. Akichelewa hata kidogo, naanza kuchungulia mlangoni. Anavua viatu, anavitia kwenye kisanduku namba arobaini na saba, anainua mlango wa kisanduku kidogo kabla ya kuusukuma kwa sababu umepinda, kisha anachomoa kibao cha mbao ambacho ndicho ufunguo. Hata salamu hajamaliza ameshauliza, "Jana ulisikia?"

Anamaanisha besiboli. Kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kumaanisha kitu kingine.

Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha juu pale mlangoni, wanaume kushoto, wanawake kulia, tangu mama mkwe aliponiachia kiti hicho na maumivu yake ya kiuno. Ukuta unaogawa mabafu haufiki darini, hivyo maneno hupita juu yatakavyo. Mume humwambia mkewe anatoka, mke hujibu kwamba bado hajaosha nywele, na kuanzia majira ya kuchipua mpaka majani yanapoanza kupukutika, mtaa wetu wote hapa Osaka hutukanana kwa mapenzi juu ya watupaji wa timu yetu.

Fusae alipika chakula cha shule miaka thelathini na mmoja. Mikono yake ni mifupi na minene, mikono ya masufuria makubwa. Kila mechi huisikiliza redioni na kuiandika kwa penseli, mpira kwa mpira, katika madaftari ambayo sasa yamejaza kabati la nguo. Utotoni alikuwa akirusha mpira mbali kuliko kaka zake wote, lakini kazi waliyompa ilikuwa kuufuata unapotumbukia mferejini. Hilo alinieleza mara moja tu, huku akifunga mkanda wa mfuko wake, na sikumuuliza zaidi.

Sasa, tuna desturi yetu. Siku inayofuata mechi ya mwisho ya msimu, watu hubishana ni mtupaji gani alikuwa bora, na mshindi huweka viatu vyake kisanduku namba kumi na nane majira yote ya baridi. Kumi na nane ndiyo namba ya mtupaji mkuu, hata mtoto wa chekechea anajua. Sheria ni moja: unabishana ukiwa majini. Ukitoka kwenye maji, umetoka kwenye hoja. Na maji yangu ni ya moto, si ya kuoshea watoto.

Kasoro ni kwamba kumi na nane kiko kushoto mlangoni, kwenye visanduku vya wanaume. Basi zamani wanaume waliamua kwamba wanawake wanaweza kupiga kelele, kushinda hapana. Aliyeamua hakumbukwi, na mimi nilinyamaza miaka yote hiyo. Naona aibu kulisema.

Kila mwaka siku hiyo nikikitundika kibao cha kumi na nane mbele ya kiti changu, Fusae hukishika, hukipima uzito kiganjani, hukirudisha. Mwaka huu alikishika na hakukirudisha upesi.

"Mama," aliniambia, "safari hii nakitaka."

Nikasimama juu ya kiti nikapaza sauti pande zote mbili: "Leo atakayeshinda ameshinda, awe mwanamke, awe mwanamume! Asiyetaka akaoge kwake!"

Aliyekuwa bingwa ni Okuyama, mzee mchomelea vyuma aliyestaafu, kifua kama pipa, masikio yaliyochoshwa na nyundo. Ameshinda miaka mitano mfululizo, nusu kwa akili na nusu kwa sauti.

"Kurosaki!" alinguruma. "Ushindi kumi na sita! Wapigaji wakimwona tu magoti yanalegea. Kuna mwingine? Nileteeni jina!"

"Tokunaga," ilijibu sauti ya Fusae kutoka ng'ambo.

Wanaume waliangua kicheko. Tokunaga ni kijana mfupi anayeingizwa mechi ikiwa imeshaharibika. Timu ilipompa jezi namba arobaini na saba, miaka sita iliyopita, Fusae alimchukulia kama jirani.

"Yule anayeingia zamu ya saba, watu wakienda chooni?" Okuyama aliuliza.

"Huyo huyo. Wewe ukiwa chooni, mwenzio yuko kazini."

Upande wangu wa kulia wanawake walipiga makofi majini.

"Sikiliza, Okuyama-san. Kurosaki wako anamwaga, mwenzake anadeki. Mara tisa mwaka huu katolewa uwanjani, kaacha wakimbiaji wamejaa vituoni. Mara zote tisa kaingia Tokunaga. Wangapi wakafika nyumbani kupata pointi? Hakuna. Hata mmoja!"

"Uongo huo!"

"Daftari limo kwenye mfuko wangu."

Wote walijua hawezi kutoka kulichukua. Basi nikashuka mwenyewe, nikalifungua lile daftari lililofungwa kwa kitambaa, na kuanza kusoma kwa sauti. Tarehe, zamu, wakimbiaji wawili, hakuna aliyefika. Tarehe nyingine, wakimbiaji watatu, hakuna aliyefika. Okuyama aliguna kila mara kama mtu anayefinywa.

Nilipofika tarehe tano Mei, nikaona alama ndogo ya penseli. Mkimbiaji mmoja alikuwa amefika nyumbani.

Nitasema ukweli: niligeuza ukurasa. Nilikuwa nimeshaanza kusoma Juni.

"Mama, umeruka," Fusae aliita.

"Sijaruka kitu."

"Tarehe tano Mei. Soma."

Sikusoma. Akasema mwenyewe, taratibu, kila mtu akasikia: "Siku ile mmoja alifika. Nimesema hata mmoja, kumbe yupo. Nimekosea, Okuyama-san. Hongera." Nikasikia maji yakichuruzika. Alikuwa anasimama atoke.

Nilitaka kumrushia ndoo. Miaka yote ile, halafu anajishtaki mwenyewe!

"Kaa chini, mama wewe!" Okuyama alifoka. "Usitoke! Tarehe tano Mei? Ile sikukuu? Mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma ya kituo cha tatu! Mpira ulipigwa legelege, ukaenda juu, mjukuu wangu angeudaka. Yule mdakaji wa kushoto jua likampiga machoni, ukamponyoka! Redio itaona wapi jua? Tokunaga ana kosa gani hapo? Kafanya kazi yake yote, kijana wa watu! Tisa kwa tisa! Atakayesema vinginevyo aje hapa aniambie!"

Hakuna aliyekwenda. Muuza tofu aliyekuwa ameketi karibu naye akauliza kwa upole, "Okuyama-san, kwani wewe unamtetea nani?"

Kisha nikasikia mwili mkubwa ukiinuka kutoka majini.

"Maji ya moto leo," alisema Okuyama, akatoka.

Wanawake walimbeba Fusae kwa kelele tu. Alipokuja kwenye kiti changu uso ulikuwa mwekundu kama plamu ya kuchachua, na sikujua kama ni joto au ni kingine. Nikampa kibao. Alikishika kwa mikono miwili. Mimi nililia, na sioni haya kwa hilo.

Kesho yake Okuyama alikuja saa kumi, mapema kuliko watu wote. Akapita kulia, kwenye visanduku vya wanawake, akainama akihema, akaingiza mabuti yake makubwa kwenye arobaini na saba. "Cha Tokunaga," alisema bila kunitazama. Mlango ulimshinda. Akasukuma, akalaani, akauacha wazi na kuingia kuoga, visigino vya mabuti vikichungulia nje.

Saa kumi na moja na dakika tano Fusae aliingia. Akageuka kushoto kwa mara ya kwanza, akaweka viatu vyake vidogo vya buluu namba kumi na nane. Halafu akayaona mabuti. Kisha akavuka upande wa pili, akayasogeza ndani, akauinua mlango kidogo, akausukuma, akaniletea kibao.

"Mpe," alisema. "Mwambie unainuliwa kwanza."