Leso Nyekundu

Beki wangu bora pale Riruta alikuwa kiziwi, kwa hivyo mazoezini sikutumia kipenga. Nikiinua leso nyekundu, wasichana wote wanasimama hapo hapo.

Siku ya mechi ya mwisho, tukifungwa tunaondolewa kwenye ligi, nilimsihi refa naye ashike leso.

"Mama, hapa si harusini," akanijibu.

Mechi ikiendelea akapuliza kipenga, beki wangu asisikie, akaendelea kucheza. Akapewa kadi ya njano.

Mpira ulipoanza tena bado nilikuwa nachemka. Nikamtikisia refa ile leso nikimtukana. Timu yangu yote ikasimama. Wapinzani wakapita katikati yao.

"Chezeni!" nikapiga mayowe. Wale wanaosikia wakashtuka, wakakimbia. Bao likaingia. Beki wangu alikuwa bado amesimama, ananitazama, anangoja nishushe leso.