Suruali Msumarini, Mama Mkwe Ndani

Hii hadithi nimeificha miaka mingi, na si kwamba watu hawakuijua, Bondeni nzima iliijua, hata kuku waliijua, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuitoa kwa mdomo wangu kwa sababu kila nikianza nasikia masikio yanawaka. Leo nitaisimulia. Mkicheka, chekeni, nimeshachekwa na wakubwa kuliko nyinyi.

Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati askari akikusimamisha Nakuru hakuulizi habari ya nyumbani, anakuuliza kipande, kile cheti cha kujitambulisha, na ukikosa kipande unalala ndani, na ukilala ndani unakosa zamu, na mimi nilikuwa napaka grisi kwenye shedi ya reli ambako ukikosa zamu hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi, wanamwita tu mwingine aliyesimama nje ya geti. Na bila kazi hukai mjini, na ukifukuzwa mjini chumba kinaenda. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, nyumba za manispaa mtaa wa Bondeni, bomba nje, bafu nje, choo nje, lakini ndani ya hicho chumba kulikuwa na Rasoa mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, ambaye kitovu chake kilikuwa hakijakauka vizuri. Basi mjue nilichokuwa nacho cha kupoteza.

Sasa, kwetu Butere binti akijifungua mama yake anakuja kumwona, anakuja na unga wa wimbi na kuku, na huyo mama mkwe akiwa ndani ya nyumba, mimi mkwe siingii. Siingii! Hatupeani mikono, hatuketi chumba kimoja, tukikutana njiani mmoja anakata kona. (Kijijini ni rahisi, kuna nyumba ya huku na nyumba ya kule, lakini jaribuni kuheshimiana hivyo kwenye chumba kimoja cha Bondeni.) Kwa hiyo tulipanga vizuri sana: mama angefika na gari la moshi la Jumapili jioni, na mimi mchana nahamia kwa Otieno, jirani yangu na mwenzangu wa shedini.

Jumapili asubuhi nikaamua kwenda kuoga. Suruali yangu ilikuwa msumarini, kipande mfukoni. Nikaiangalia, nikasema, ah, bafu ni hapo tu, nani atanila? Nikajifunga leso ya Rasoa kiunoni, leso ya maua mekundu, nikachukua sabuni nikaenda zangu. Huo ndio uamuzi wenyewe, jamani. Mengine yote yalizaliwa na huo.

Maana mama mkwe, kwa hofu ya kuachwa na gari, alikuwa amepanda la usiku wa kuamkia Jumapili.

Nilimaliza kuoga, natoka, nasikia nyumbani kwangu vigelegele. Nikasimama. Nikasikia sauti nzito ya mwanamke aliyezoea kuita ng'ombe ikisema, "Mtoto ni babu yake mtupu!" Nikajua nimekwisha. Nilirudi bafuni nikajibana nyuma ya ule ukuta mfupi, maji yananitiririka, suruali iko ndani, mama mkwe yuko ndani, mimi niko nje na maua mekundu.

Kwa bahati Mama Atieno alikuwa bombani akiteka maji. Huyu alikuwa mke wa Otieno, mama wa kuuza samaki, mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Nikamwita, "Pst! Mama Atieno! Tafadhali niletee suruali yangu, mkwe amefika."

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, "na wewe shemeji leo utapona kweli." Akaenda. Lakini Mama Atieno ni mtu wa adabu, hawezi kuingia nyumba yenye mgeni akaanza na habari ya suruali, sharti asalimie. Na kusalimia si kusema jambo mara moja. Nilimsikia akiuliza habari ya safari, ya mvua, ya ng'ombe, ya wale waliobaki nyumbani, na mama mkwe naye anajibu yote bila kuruka, ng'ombe mmoja mmoja, huku mimi nakauka kwa upepo.

Ndipo akatokea Koplo Kapu.

Jina lake la kuzaliwa sitalitaja, sisi tulimwita Kapu kwa sababu hakuja Bondeni bila kapu la ukindu mkononi. Alikuja likiwa tupu akaondoka limejaa. Kwa huyu mayai, kwa yule sukari, kwa Mama Atieno samaki, na ukinung'unika anauliza kipande cha mumeo, na cha mtoto, na cha mtu aliyelala kwako mwaka jana. Tena alikuwa mtu wa upande wetu kabisa, lugha moja, mila moja. Hilo liwekeni akilini. Alikuwa na askari kijana mwenye bunduki.

"Wewe wa maua," akaniambia. "Kipande."

"Iko kwa suruali, afande."

"Suruali iko wapi?"

"Kwa nyumba, pale."

"Kalete."

"Siwezi, afande. Mama mkwe ako ndani."

Akanitazama, kisha akatabasamu polepole. Alielewa mara moja, na ndiyo maana nasema alikuwa mbaya: mzungu angenisukuma tu niingie, lakini huyu alijua mlango ule kwangu ni ukuta. "Mkwe ametoka Butere?" akauliza. "Amekuja mikono mitupu kweli?" Akamwambia yule kijana anishike mkono, akaenda mwenyewe na kapu lake.

Alipotoka, kapu lilikuwa na vichwa vinne vya kuku vikichungulia. Suruali yangu hakuileta, maana angeileta angekosa kesi. Na nyuma yake nikasikia ile sauti ya kuita ng'ombe, "We! We! Hao ni kuku wa mzazi! Rudisha!" ikikaribia kona, ikikaribia, na mimi nimeshikwa mkono mmoja na askari, siwezi kukimbia, siwezi kukata kona, na mama mkwe wangu anakuja uso kwa uso.

Ndugu zangu, mtu akishikwa na hofu hana akili. Nilichowaza ni kimoja tu, nisionane naye uso. Nikashika leso kwa mkono uliobaki, nikaivuta juu, nikajifunika uso.

(Mmeelewa? Leso ilikuwa moja.)

Nikasikia ndoo ya mtu ikianguka. Kisha yule kijana wa bunduki akaanza kucheka, na koplo akacheka, na mimi humo ndani ya maua mekundu nikatamani ardhi ipasuke. Nilipopata akili ya kuishusha, mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, anatetemeka, na sikujua ni kwa hasira au ni kwa nini.

Koplo akanisogelea sikioni, akasema kwa lugha yetu, taratibu kama mtu wa kanisani, "Ukisema habari ya kuku, yule mama ataulizwa mbele ya watu alikuwa anaangalia nini. Utamfanyia hivyo?"

Nikanyamaza. Nawaambia ukweli, nilinyamaza, kwa sababu hilo lilinikata. Ndivyo alivyokula Bondeni miaka yote ile, si kwa bunduki, ni kwa aibu zetu. Kwa huyu alijua pombe iliyo chini ya kitanda, kwa yule alijua binti aliyerudi na mimba, anashika hapo hapo panapouma na kujaza kapu.

Wakanipeleka kituoni kwa miguu. Siku ya Jumapili, watu wanatoka kanisani! Mzee wa kanisa letu akanivulia kofia kwa mazoea kisha akaona leso, akairudisha kichwani. Nyuma nikasikia kelele, nikageuka, nikaona Mama Atieno anakuja mbio, ameinua suruali yangu juu kwa mikono miwili kama bendera, anapiga ukelele, "Suruali yake hii hapa! Kipande kiko ndani! Simameni!" Koplo hasimami. Na kila mlango aliopita Mama Atieno mwanamke mmoja alitoka, akauliza kuna nini, akaambiwa, akacheka kwanza, kisha akaona lile kapu mbele, akaacha kucheka, akafuata. Tulipofika kituoni nyuma yangu kulikuwa na kundi, na siku zile kundi lilikuwa jambo la kupigwa risasi, msidhani nazungumza mchezo.

Inspekta alikuwa mzungu kijana, pua imebabuka kwa jua, akatoka barazani amekasirika. "Kelele gani hii? Nini hii mtu ya leso?"

"Afande," koplo akapiga saluti, "hana kipande, na anatembea uchi mbele ya akina mama."

Mama Atieno akapenya, akatupa suruali juu ya ngazi. Inspekta akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande, akatazama, akanitazama. Nikadhani nimepona. Koplo hata hakupepesa jicho. "Basi kipande anacho, afande. Lakini uchi alikuwa. Mimi niliona, huyu askari aliona."

"Na hii kuku?"

"Yangu, afande. Nimenunua sokoni."

Inspekta akageukia watu. "Nani naona kitu ingine?"

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo ya baraza kwa sababu mama mkwe alikuwa getini, amesimama kwa kunipa mgongo, kitambaa cha njano kichwani. Kila mtu alijua yeye ndiye aliyeona, na kila mtu wa kwetu alijua hawezi kusema, maana kuanza kusema ni kusema yote. Koplo alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa naomba Mungu mama mkwe anyamaze. Naam! Niliona afadhali nifungwe, kazi iende, chumba kiende, kuliko asimame aseme mbele ya umati kile alichokiona. Hivyo ndivyo aibu ilivyokuwa imenipofusha, nikamsahau hata mtoto.

Mama mkwe akageuka.

"Mimi niliona," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini sauti ilifika mpaka stesheni. "Mimi naona huyu mkwe yangu vile Mungu aliumba yeye. Yote. Na sikukufa. Na naona huyu mwizi natia kuku yangu kwa kapu, na pia sikukufa. Sasa wewe mzungu andika yote mbili."

Watu wakashika midomo. Akapanda ngazi, mimi nikazunguka nguzo kumkwepa (mazoea), akapindua kapu la koplo, kuku wakaanguka, na miguu yao ilikuwa imefungwa kwa vipande vya kitambaa cha njano. Akavua kile cha kichwani, akakinyoosha mbele ya Inspekta, pembeni kimechanwa. "Sokoni nauza hii pia?"

Hapo Mama Atieno akasema, "Na mimi niliona, alichukua samaki zangu." Mwingine nyuma akasema, "Na mimi. Sukari." Na mwingine, mama mjane ambaye hatukuwahi kumsikia akiinua sauti, akasema, "Na mimi. Alijua ninapika pombe ya busaa. Ndiyo, napika! Akachukua sufuria na busaa yenyewe." Kila mmoja akasema aibu yake kwa mdomo wake, na kila ikisemwa nilimwona koplo anapungukiwa. Inspekta akapiga kelele watu waende nyumbani. Wakaketi chini. Wote. Askari wa geti akashika bunduki vizuri, lakini hakuna aliyeinuka, na Mama Atieno akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuku kwanza."

Kuku walirudishwa, na mimi nikarudishwa pamoja nao. Suruali niliivaa nyuma ya ile nguzo.

Msifikiri koplo alifungwa. Hakufungwa, hakuombwa hata aseme pole, baadaye walimhamisha tu akawale wengine, na ubaya huo mimi sijausamehe mpaka leo. Lakini kabla hajahama alijaribu kurudi Bondeni na kapu lake. Mtoto mmoja akagonga debe, na milango ikafunguka, wanawake wakatoka wakasimama, kila mmoja mlangoni kwake. Hawakutukana, hawakurusha jiwe. Walimwangalia. Macho hayana pazia, utamkamata mtu kwa kuangalia? Akafika bombani, akageuka, akaondoka na kapu lake likiwa jepesi vile vile.

Sasa mila inasema mkwe akiaibika hivyo lazima atoe nguo ya kufunika macho yaliyoona. Nikanunua leso mpya, nikaipeleka kwa mkono wa Mama Atieno, nikajifungia kwa Otieno nisionekane. Jioni Mama Atieno akarudi na sahani imefunikwa. Nilipofunua, firigisi ya kuku, ile anayopewa mwenye nyumba tu, na ujumbe.

"Mkwe wako anasema kula," akaniambia, akijizuia kucheka. "Anasema leso ni nzuri, asante. Na anasema amezaa watoto tisa, hakuona kitu kipya."

Basi tangu siku hiyo siendi bafuni bila suruali, hata mvua ikinyesha naibeba begani, wajukuu wananicheka. Na nikisikia debe linagongwa, iwe ni kwa nani, iwe niko katikati ya kuoga na sabuni machoni, navaa, natoka, nasimama mlangoni kwangu, naangalia.