Injini Mbili, Tangi Moja

Siku moja naikumbuka kama ya jana, mwanangu Hodan. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nimesimama ufukweni mwa ziwa kule Loiyangalani, natazama boti yangu mpya na kujiona nimeimaliza dunia. Nyuma yake zilining'inia injini mbili, zinang'aa kama meno ya bwana harusi.

Jana umenipigia simu ukaniuliza, "Abti, mjomba wangu, tuchukue injini moja ama mbili?" Mume wako anataka mbili, wewe unataka moja, na boti yenyewe ni ndogo, ya kibanda kimoja cha kulala wageni. Ungemuuliza fundi. Umemuuliza mjomba wako anayeuza mbuzi hapa Isiolo, ambako maji yetu ni mto Ewaso Nyiro, na huo nao ukitaka kukauka hauombi ruhusa. Nimefurahi kweli. Basi sikiliza.

Wakati ule nilikuwa napeleka unga na sukari ziwani kwa lori, narudi na samaki wakavu. Nikaona kuvusha watu kuna riziki, nikanunua boti. Nahodha wangu alikuwa Mzee Lokwang, Mturkana aliyezaliwa kando ya ziwa lile, mtu wa maneno machache. Alipoziona zile injini aliniambia, "Abdi, boti hii ni kidogo. Weka moja ya nguvu, na ingine ndogo ya kuokoa maisha. Hizi mbili zitazamisha mkia."

Nikacheka. Mimi nilijua lori, na lori langu lilikuwa na tairi mbili mbili nyuma: moja ikipasuka, nyingine inakubeba. Nikadhani injini nazo ni hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa njiani.

Asubuhi hiyo tulibeba watu wanane kutoka kijiji kingine cha ziwani, tunawaleta Loiyangalani. Mmoja wao alikuwa Akiru, binti mjamzito aliyeanza kushikwa na uchungu, mama yake anampeleka zahanati. Petroli niliileta mwenyewe kutoka Isiolo kwa pipa, safari nzima ya vumbi na mashimo, nikaimimina tangini bila hata kuichuja. Tangi lilikuwa moja, injini zote mbili zinakunywa humo.

Tulipokuwa mbali na ufuko, injini ya kulia ikakohoa, ikazimika. Nikawageukia abiria kwa majivuno: "Mnaona? Ndiyo maana nilinunua mbili!" Kabla sijafunga mdomo, ya kushoto ikanyamaza pia.

Mwanangu, upepo wa ziwa lile hauna adabu. Ulitushika ukaanza kutusukuma katikati, mawimbi yanaingia nyuma kwa sababu mkia ulikuwa mzito, vile vile alivyosema mzee. Nikavuta kamba ya injini mpaka kiganja kikachubuka. Mama yake Akiru hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kijana, mtoto wangu atazalia hapa?" Nikaishika tena ile kamba. Hadi leo nikikumbuka swali lile naona aibu.

Mzee Lokwang akawapa wanaume wawili makasia washikilie boti isigeuke ubavu. Kisha akatoa chini ya kiti mtungi wake mdogo wa petroli, aliyoichuja mwenyewe kwa kitambaa. Akafungua kabureta ya injini moja, akamwaga kilichokuwamo: maji matupu na uchafu. Akautia mpira wa mafuta ndani ya mtungi, akavuta mara tatu. Ikawaka. Tukafika Loiyangalani polepole kwa injini moja, na Akiru alijifungua zahanati kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mji.

Nilimfuata mzee kumwomba msamaha. Hakupandisha sauti. "Abdi, wewe ni mtu wa mifugo. Ndama wawili wakinyonya ng'ombe mmoja, maziwa yakikauka ni nani anabaki?"

"Hakuna, mzee."

"Haya. Kula samaki."

Basi uhodari si wingi, mwanangu. Kwa boti ndogo, chukua injini moja nzuri ambayo fundi wa huko mliko anaijua, uongeze ndogo ya akiba yenye mtungi wake peke yake. Mume wako akishikilia mbili, usigombane naye. Mwambie kila moja iwe na tangi lake na betri yake, na boti ipimwe kama mkia utabeba. Petroli chuja kila siku, hata siku unayoharakisha, hasa siku unayoharakisha. Makasia yasitoke botini. Na mtu aliyezaliwa kando ya maji akikuambia neno, nyamaza umsikie, maana kuishi kwingi ni kuona mengi.

Nenda na baraka zangu, binti wa dada yangu. Mwenyezi Mungu akutulizie upepo, awape wewe na mumeo kauli moja, na kila atakayepanda boti yenu ashuke salama kwa miguu yake mwenyewe. Amin.