Ganzi Isiyoshika

Mimi ni tabibu wa meno. Kazi yangu ni kung'oa, na kabla ya kung'oa, kuchoma ganzi. Katika kituo chetu huku Kisarawe nasifika kwa sindano isiyouma, na sioni haya kusema kwamba sifa hizo nilizipenda sana.

Siku baba alipokuja kutoka Kwala na jino bovu la chini, nilimfanyia kila nilichofundishwa. Nilimpaka jeli ya ganzi kwenye fizi, nikaipasha dawa joto kiganjani ili ubaridi usimshtue, nikachoma kwa sindano nyembamba. Nikavuta kwanza kuona kama damu inaingia, maana ganzi ikienda kwenye mshipa wa damu inaweza kumwangusha mtu. Damu haikuingia. Nikasukuma dawa polepole, nikasubiri.

Benchi la wagonjwa liko humo humo chumbani. Baba alikuwa ameshawatangazia wote kwamba daktari huyu ni binti yake.

"Baba, mdomo umekufa ganzi?"

"Umekufa."

Nikagusa fizi kwa chuma. "Hapa panauma?"

"Hapana, mama. Fanya kazi yako."

Jino lilinisumbua, mizizi yake ilikuwa imeng'ang'ania. Baba alitulia tuli, mikono mapajani. Lilipotoka, benchi zima likanipongeza. Kiatu chake kimoja cha tairi kilikuwa kimeanguka chini ya kiti. Nikakiokota, nikamvisha, nikamtania kwamba huo ni uzee, hata viatu sasa vinamshinda. Akacheka, pamba mdomoni.

Miezi michache baadaye jino jingine likaanza kumsumbua. Hakuniambia. Alisukutua maji ya chumvi, akabana ugoro shavuni, na kila nilipopiga simu alisema wazima wote, hata ng'ombe. Mama aliponiita, uvimbe ulikuwa umeshashuka shingoni na hata mate alikuwa hawezi kumeza. Tukakodi gari kumkimbiza hospitali. Alikata roho njiani, kichwa chake mapajani pangu, mimi mtaalamu wa meno nikimwinua kidevu apate hewa. Baba yangu alikufa kwa jino, na binti yake ndiye mng'oa meno.

Baada ya matanga nilimuuliza mama kwa nini baba hakuja kwangu.

"Ile siku alisikia kila kitu," akasema. "Ganzi haikumshika. Alinikataza nisikwambie. Hakutaka uaibike mbele ya wagonjwa wako. Ila alisema kwenye kile kiti hakai tena."

Nimezaliwa kwenye boma, kwa watu waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Nimewaona wanaume wa kwetu wakichomwa chuma cha moto kwenye jeraha bila kupepesa jicho, na aliyepepesa akitaniwa mpaka mvi zimuote. Nilijua yote hayo. Bado nilimuuliza mwanamume wa namna hiyo, mbele za watu, kama panauma, halafu nikaliamini jibu lake. Sijajisamehe, na sidhani kama nitajisamehe.

Juzijuzi tuliitwa Kibaha mjini kwenye mafunzo ya njia za kisasa za ganzi. Tulionyeshwa mashine inayotoa dawa tone kwa tone, nzuri kweli. Niliitazama bila hamu. Kituoni kwetu bado tunagombania sindano za kawaida, na baba yangu yuko kaburini Kwala.

Kisha mkufunzi akasema jambo dogo, kama mtu anayekumbuka tu. Kuna wagonjwa ambao hawatakwambia kamwe. Hao usiwaulize, waangalie miguu. Vidole vikijikunja na kujikunjua, ganzi haijashika. Acha, choma tena.

Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilinishinda. Nilikuwa nakiona kile kiatu cha tairi chini ya kiti, na mimi nikiinama kukiokota, nikicheka.