Bandama la Papa wa Tatu

Nataka kuliandika hili bila ya kujipendelea, ingawa sijui kama naweza.

Napasua papa sokoni mjini tangu nilipoacha skuli darasa la saba. Mwaka jana alinijia binti mmoja, mwanafunzi wa chuo cha Tunguu, na deli lake la barafu na vichupa. Alitaka kipande cha bandama la kila papa, kila kimoja na kichupa chake. Akanieleza, nami naandika nilivyofahamu: papa hana mfupa hata mmoja, basi hana uboho, na kinga yake ya maradhi hutengenezwa kwengine, bandama likiwemo. Jeni za kinga hiyo zimefanana na zetu; papa alikuwa nazo kabla ya chura na ndege, kabla yetu sisi.

"Lakini papa na papa hawalingani, ami. Ndiyo maana nataka kila mmoja mbali."

"Hilo tu? Nshafahamu."

Asubuhi moja wakaja papa watatu. Sisi wapasuaji tukishafungua tumbo, vya ndani vyote tunatia ndoo moja. Maini yatapikwa sifa, mafuta ya kupaka mashua. Mkono umezoea hivyo. Wa kwanza ukatupa, wa pili ukatupa, nshamfungua wa tatu ndipo nikakumbuka vichupa. Ndoo imejaa, yote yamechanganyika.

Mwenzangu wa meza ya pili akacheka. "Daktari, mgonjwa wako yupi humo?"

Nikalikata bandama la yule wa tatu vipande vitatu, nikavitia vichupa vitatu, nikaandika moja, mbili, tatu. Sikukusudia ubaya. Nilitaka tu asinione mzembe. Lakini nikisema hivyo naona tayari najitetea.

Miezi ikapita, akarudi, macho mekundu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Vile vichupa vitatu vya siku moja, jeni zao za kinga hazikupishana hata chembe. Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani vile. Mwalimu anasema nimechanganya mwenyewe. Nshapima mara tatu! Wiki ijayo nnasimama mbele ya walimu kuutetea utafiti wangu, ntasema nini?"

Nikasema, "Pole, mwanangu." Hilo tu. Akaondoka.

Niliosha meza iliyokwisha oshwa. Kisha nikatoka mbio na aproni yangu ya damu, watu wananipisha, nikamkuta kituo cha daladala.

"Hukukosea wewe. Ni papa mmoja. Nilikudanganya mimi."

Sikutukanwa, na lazima niliseme hilo.

"Na vyengine ulivyonipa, ami?"

"Vyengine vya kweli, wallahi."

"Ntajuaje?"

Akatoa daftari, akaanza kufuta kila kilichotoka mezani kwangu, mstari kwa mstari, hata vile vya kweli. Deli lilikuwa linamponyoka begani. Nikamshikia mpaka akamaliza.