Nyuma Kushoto

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya upili ya wasichana mjini Nakuru, na pia mlezi wa klabu ya mazingira, kazi ambayo walimu wenzangu waliikwepa kwa sababu ilikula Jumamosi zao. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, na sasa nilikuwa nataka gari. Naorodhesha hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyonitaja enzi hizo, kwa mpangilio huo huo, na ilinichosha.

Baba aliishi Mau Narok na kaka yangu mkubwa, mkulima wa viazi. Kwa miaka thelathini Baba alikuwa dereva katika shamba kubwa la ngano huko huko. Si dereva wa trekta. Aliyemwita hivyo alirekebishwa papo hapo. Alimwendesha mwenye shamba mwenyewe. Gari lilikuwa refu, la kijani, na mwenye shamba alikaa nyuma, upande wa kushoto. Baba alimfungulia mlango, akangoja aingize miguu, akaufunga bila kuubamiza, akazunguka kwa mbele, ndipo naye akapanda. Wakifika benki au mnadani, Baba alishuka kwanza, akazunguka tena, akafungua. Sisi watoto wake tuliliona hilo mara nyingi tukiwa kando ya barabara. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia ndani ya lile gari.

Nilipopata mshahara wa kwanza nilimpelekea blanketi. Akalipokea, akalikunja vizuri, akasema, "Asante, Mwalimu. Lakini siku utanunua gari, mimi nitakaa nyuma kushoto. Wewe utaendesha, mimi nitaangalia tu shamba za watu." Tukacheka sote. Nililichukulia kuwa mzaha wa mzee.

Katikati ya mwaka huo macho yake yakaanza kumsumbua. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Alimsalimia jirani kwa jina la jirani mwingine. Muuguzi wa zahanati akamwambia ashuke Nakuru akaonwe na daktari wa macho, na asikawie. Kaka akampangia nafasi katika lori la viazi, Baba akakataa. Ikabidi niende mwenyewe kumbembeleza.

"Nitakuja," akasema. "Nitakuja na gari yako."

"Baba, macho hayawezi kungoja gari."

"Nimeshuka Nakuru na gari ya wenyewe maisha yangu yote. Hii safari moja nitashuka na ya kwetu."

Nikakasirika, nikamwambia yeye ni mkaidi. Akakubali, akaniambia huo ukaidi ndio nimeurithi. Nilirudi mjini nimeapa kununua gari kabla ya mwezi kwisha. Ilinichukua karibu mwaka mzima.

Mkopo wa sacco haukuwa shida. Shida ilikuwa mimi na midomo ya watu. Jumamosi moja niliwapeleka wasichana wa klabu Dundori kupanda miche kwenye mteremko uliobaki visiki vitupu. Jumatatu yake nilikuwa darasani nikieleza jinsi msitu wa Mau ukiisha mito inavyopungua, na ziwa letu pamoja nayo, msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono.

"Madam, tumeskia unanunua gari. Sasa moshi yake itaenda wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilimjibu kitu kuhusu injini ndogo, jibu la mtu wa serikali, lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Nikaapa tena: injini ndogo, moshi mdogo, basi. Sijui kwa nini napenda kuapa.

Naibu wa mwalimu mkuu, mwanamume mwenye gari kubwa la dizeli lililofukiza chumba cha walimu kila asubuhi, akanivuta kando. "Mwalimu, fikiria heshima. Ukikuja hapa na kagari kadogo, wazazi watakuona aje?" Nikamuuliza kama wazazi wanaleta watoto wao wafundishwe na gari. Akacheka, kisha akayarudia maneno yale yale kana kwamba sikuwa nimesema kitu. Kaka naye alitaka pick-up na hakuficha sababu. "Viazi zangu zinaoza shambani," alisema kwenye simu, "na wewe unafikiria moshi."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na ukweli kidogo. Barabara ya kwetu mvua ikinyesha huwa uji, na gari dogo lingekwama humo. Gari kubwa lingenitia aibu mbele ya wasichana wangu. Pick-up ingenigeuza mchukuzi wa viazi kila wikendi mpaka nizeeke. Nikanunua daftari, nikaanza kulinganisha.

Mwezi wa kumi nilijaribu gari moja refu la dizeli katika yadi ya magari iliyo kando ya barabara ya Nairobi, muuzaji akiwa pembeni yangu. Nakiri nililipenda. Kutoka juu pale niliwaona watu utosini, na askari wa trafiki akanipigia saluti bila kunijua. Kwa dakika kama kumi hivi nilijiona mtu. Kisha tukaanza kupanda kuelekea Milimani, nikatazama kwenye kioo, nikaona moshi mweusi umemfunika mama mmoja na beseni lake la sukumawiki. Nikalirudisha. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyepungukiwa, na huenda alikuwa na haki.

Ukaja mtihani wa kitaifa, ukaja uchaguzi, kisha zikaja zile wiki za ghasia za Januari na Februari ambazo sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kukumbushwa. Barabara ya kwetu haikupitika. Kila jioni nilimpigia Baba simu kujua kama wako salama, na kila jioni, baada ya kuniambia kwamba wako salama, aliniuliza gari limefika wapi. Utulivu uliporudi, petroli nayo ikaanza kupanda, nami nikarudi kwenye daftari langu, injini hii na injini ile. Daktari alikuja kuniambia baadaye kwamba jicho la kushoto lingeweza kusubiri miezi hiyo yote. La kulia halikuweza.

Hata fundi wangu alinichoka. Alikuwa Kalasinga mzee wa kilemba, mwenye gereji upande wa viwanda, aliyekuwa akitengeneza magari Nakuru tangu kabla sijazaliwa, na kila gari nililolifikiria nililipeleka kwake kwanza. Siku moja alifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, hii sasa ni gari ya sita. Unatafuta gari ama unatafuta mchumba?"

La saba nililipata mwezi Juni, katika yadi nyingine. Lilikuwa jeupe, dogo, safi, la milango miwili. Mwenye yadi, mama wa Kihindi aliyeendesha biashara hiyo tangu mumewe alipougua, alilizunguka pamoja nami. Nikamuuliza kama hana kama hilo lenye milango minne.

"Liko, lakini injini yake ni kubwa kidogo. Na wewe mwalimu si uko peke yako? Milango minne utamfungulia nani?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo lilinichoma, na badala ya kumjibu nikatia sahihi karatasi zake siku hiyo hiyo, kana kwamba nilikuwa namkomoa mtu. Mtu aliyetumia miezi kumi na moja kuchagua alimaliza kazi kwa nusu saa ya hasira.

Kalasinga aliisikiliza injini, akalala chini ya gari, akatoka akiwa ameridhika. "Hii imetunzwa. Moshi hakuna kabisa. Lakini mgeni akija utamweka wapi?"

"Sina wageni," nikamwambia. Akafunga boneti.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Mau Narok. Baada ya Njoro barabara ikazidi kuharibika, na tumbo la gari likakwaruzwa na mawe mpaka nikawa najikunja mwenyewe kwenye kiti. Mara mbili nilishuka kusukuma jiwe kando. Niliitukana barabara, nikamtukana diwani, nikajitukana na mimi. Ila nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Baba kuhusu injini na moshi, na nilikuwa nayakariri njiani kama mwanafunzi.

Nilimkuta amesimama uani. Kaka aliniambia alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikuwa amevaa suti yake ya kahawia na kofia ambayo nilizoea kumwona nayo kanisani tu. Kaka alipoliona gari akaanza kucheka.

"Hii si ungeileta ndani ya gunia?"

Baba alimnyamazisha kwa mkono. "Usizime," akaniambia.

Akasogea, akaweka kiganja juu ya boneti na kuinamisha kichwa. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akapapasa taratibu kuelekea nyuma, akachuchumaa kwenye bomba la moshi, akanusa. Nikafungua mdomo nianze maneno yangu, akaniwahi.

"Haili mafuta hii. Na haina moshi. Umechagua vizuri, Mwalimu."

Machozi yakanilenga. Nilikuwa nimezungukwa na kelele karibu mwaka mzima, na mtu wa kwanza kuniambia nimechagua vizuri alikuwa huyu ambaye gari lenyewe halioni.

Baba akainuka, akavuta koti likae sawa, akaenda upande wa kushoto. Mkono wake ulianzia kwenye taa ya nyuma, ukapita juu ya gurudumu, ukateleza kwenye bati ukitafuta kitasa. Ukaendelea mbele. Ukafika kwenye kitasa cha mlango wa mbele, ukakigusa, ukakijua, ukakiacha. Ukarudi nyuma polepole. Alifanya hivyo mara mbili. Kaka alikuwa ameacha kucheka.

"Mlango ya nyuma iko wapi?"

"Hakuna, Baba. Kiti cha mbele kinakunjwa, halafu mtu anapita."

Tukajaribu. Baba ni mtu mrefu. Aliingiza mguu mmoja, kofia ikaanguka, goti likakwama kwenye kiti kilichokunjwa, akabaki hapo nusu ndani nusu nje, mimi nikimvuta mkono kutoka upande wa pili na kaka akimsukuma mgongoni kama mtu anayepakia mzigo. Jirani alikuwa amekuja kwenye ua kuona gari la mwalimu, akageuka kwa adabu akajifanya anaangalia mahindi.

"Wacheni," Baba akasema. Akatoka kinyumenyume. Kaka akamwokotea kofia, naye akaipangusa kwa mkono wa koti. "Nitakaa mbele. Si ndio nimezoea."

Daftari langu lilikuwa na mafuta, moshi, spea, matope na macho ya wazazi wa shule. Kitu ambacho yeye aliniomba, kwa maneno ya wazi, akiwa ameshika blanketi langu mkononi, sikukiandika popote. Nilijichukia kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia naibu wa mwalimu mkuu.

Tulishuka kuelekea Nakuru. Kwenye kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga kapeti, pale ambapo breki ingekuwa, na kila lori lililokuja mbele yetu aligeuza kichwa kulifuata kwa sauti yake. Nilimwambia tunapita kwenye shamba alilofanyia kazi. Akauliza ngano imefika wapi. Nikamwambia imefika magotini. Akaitikia kwa koo tu, na hakuuliza kingine mpaka tukaingia mjini.

Hospitalini niliegesha karibu na mlango, nikazima injini, nikainama kutafuta kadi yake ya zahanati kwenye mkoba. Nikasikia mlango wa upande wake ukifungwa, bila kubamizwa. Nilipoinua kichwa nilimwona kupitia kioo cha mbele akizunguka, mkono mmoja juu ya boneti, hatua moja baada ya nyingine, mpaka akafika upande wangu. Akapapasa kitasa, akanifungulia mlango, akasimama kando na kofia mkononi, akangoja nitoe miguu.